Asali ya mzee anayeonja, Tabora: nyota nne, na kwa nini si tano

Nianze na njia, maana najua wengine mtasoma mistari mitatu na kuondoka. Ukitoka stesheni ya Tabora ukielekea mjini, kabla hujafika sokoni utaona mwembe mkubwa, chini yake benchi, nyuma ya benchi mlango wa bluu uliopauka. Bango hakuna. Ukimwambia bodaboda "kwa mzee wa asali" atakupeleka. Ukimwambia "kwa mzee anayeonja" atakupeleka huku anacheka.

Bei nilizokuta: lita moja ya asali ya nyuki wakubwa shilingi 12,000. Ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, nusu lita 15,000. Kuonjewa asali uliyonunua kwingine ni 1,000, majibu unapewa hapohapo, upende usipende. Hiyo huduma ya tatu ndiyo imenifanya niandike.

Mwezi wa sita mwaka jana nilinunua asali standi, chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa hadi shingoni, muuzaji akaniapia kwa jina la mama yake. Siku hiyo nilikuwa na mafua. Mafua yana maana kwenye habari hii, kwa sababu nikiwa mzima mimi siuziwi kitu kibovu. Siku ya nne pua ilipofunguka nikafungua na chupa, na harufu iliyopanda haikuwa ya porini hata kidogo. Ilikuwa harufu ya sufuria: sukari iliyochemshwa ikakaribia kuungua, na kwa mbali gunia lililochomwa. Mume wangu akaonja, akasema asali ni asali. Kesho yake kazini nikalalamika, mpishi wetu mmoja akaniambia, "Dada stoo, kuna mzee ana ulimi kama hiyo pua yako. Nendeni mkashindane."

Duka ni chumba kimoja. Ndoo za lita 20 zimepangwa ukutani, kila kifuniko kimeandikwa kwa maka peni: Sikonge, Kaliua, Urambo, na mwezi. Ndoo ya namna hiyo ikijaa asali inafika kama kilo 28, kwa hiyo anayebeba ni mjukuu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mzee kazi yake ni kukaa. Nilipoingia nilisikia nta, nikasikia moshi wa nyasi, nikasikia mninga uliopigwa randa karibuni (rafu ni mpya), na chini kabisa tumbaku ya kwenye mabani (vibanda vya kuikaushia), ambayo Tabora hii usipoisikia mahali ujue umeshapanda ndege.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umeleta au unanunua?"

"Nimeleta."

"Elfu moja. Kaa."

Alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, akatema nje ya mlango. Akamega kipande cha ugali wa jana, mkavu, akakitafuna polepole mpaka akakimeza. Anasema ugali baridi unafuta mdomo kuliko maji. Halafu akachovya kijiti cha bua la mtama kwenye chupa yangu, akakizungusha mpaka uzi wa asali ukakatika, akakiweka chini ya ulimi. Jicho la kushoto likafumba. Nje bodaboda ilipita, ikarudi, ikapita tena. Akakitoa kijiti, akakitazama kama mtu anayemdai.

"Hii imetoka ndoo mbili. Moja asali kweli, ya maua ya mti wa mtundu, ila imerinwa mbichi, masega hayajafunikwa, ina maji. Ya pili ni shira."

"Na gunia," nikasema.

"Gunia?"

"Aliyerina alichoma gunia la nailoni badala ya nyasi. Kidogo tu."

Akakirudisha kijiti mdomoni, safari hii akakaa nacho zaidi. "Mimi hilo silipati," akasema, akaniangalia kama watu wa kijiji kimoja wanavyoangaliana wakikutana Kariakoo.

Kwa faida ya mnaopima asali kwa njiti ya kiberiti: kiberiti kinapima maji. Asali nzito inawaka, na shira nzito nayo inawaka. Na mnaorudisha chupa kwa sababu asali imeganda mkidhani imetiwa sukari, acheni. Asali halisi nyingi huganda, inategemea maua na baridi, ukiisimamisha kwenye maji ya moto kiasi inalegea. Maabara kubwa zina mashine zinazopima kaboni iliyomo ndani, maana kaboni ya sukari ya miwa au mahindi haifanani na ya maua ya miti yetu ya miombo. Mashine hiyo mimi siwezi kwenda nayo standi. Mzee ana ugali wa jana.

Asali yake yeye sasa. Ile ya nyuki wakubwa niliyonunua ilikuwa ya Sikonge, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nzito, haina harufu ya kuungua, mwishoni inakwaruza koo kidogo kama asali inavyotakiwa. Tulichovya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), chupa haikumaliza wiki. Ya nyuki wadogo ina uchachu unaokaribia ukwaju, watoto waliikataa, mimi nimeificha. Kabla ya kukuuzia mzee anauliza kama nyumbani kuna mtoto hajafikisha mwaka mmoja, na kama yupo anakuambia asilambishwe hata kidogo. Wauzaji wangapi wanasema hivyo?

Nirudi kwenye pua. Nimezaliwa nayo. Mama aligundua nikiwa na miaka sita hivi, nilipokataa maziwa ambayo wenzangu waliyanywa, na jioni yale yaliyobaki yakakatika. Tangu hapo nikawa kifaa cha mtaa. "Hebu mwiteni anuse." Majirani wetu pale Isevya walileta samaki, walileta mafuta ya karanga, kuna mama alileta mpaka shuka nimwambie katika wanawe watatu ni yupi kakojoa. Utotoni ilikuwa sifa. Nilikuwa napewa mnofu.

Kazi nayo nimeipata kwa pua. Ni mtunza stoo wa shule ya bweni, huu mwaka wa 14, na gunia la mahindi lenye kuvu katikati nalijua kabla halijafunguliwa. Sumukuvu yenyewe haina harufu, lakini kuvu wenyewe wananuka kama udongo wa kisima kilichoachwa. Kwa hesabu ya shule mimi ni baraka. Kwa msambazaji mmoja aliyerudishiwa magunia 12, mimi ni mwanamke anayetafuta rushwa, na ndivyo alivyokwenda kusema ofisini. Nikaitwa. Unathibitishaje harufu? Mkubwa wangu mwenyewe aliinama juu ya gunia, akavuta pumzi, akasema hasikii kitu. Gunia lilipopasuliwa yalionekana, lakini yale maneno ya rushwa hayakurudi yalikotoka.

Halafu kuna ile harusi. Binamu yangu anaoa, nyama imefika saa kumi na moja alfajiri, nimepita karibu na beseni nikasema hii imelala mahali pa joto. Kamati ikagawanyika. Nyama ikamwagwa, ikanunuliwa nyingine kwa deni, pilau likaiva saa kumi jioni wageni wa mbali wameshaanza kuaga. Hakuna aliyeumwa. Na hapo ndipo ninapoumwa mimi: ukisema mapema ukasikilizwa, hakuna anayeugua, na asiyeugua hana la kukushukuru. Ushahidi wako umekwenda jalalani pamoja na nyama. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo napangiwa kugawa soda.

La shangazi sijawahi kuliandika popote. Mwaka uleule wa harusi alikuja kutusalimia, akanikumbatia, nikasikia kwenye pumzi yake embe lililoiva likapitiliza, lenye kaukali kama ka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alikuwa amekonda, anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka kuitwa mwenye kisirani, na kwetu mtu anayejua yasiyoonekana huulizwa ameyajuaje. Siku tisa baadaye akaanguka bafuni, akapelekwa hospitali hajitambui. Sukari. Daktari akatueleza kwamba mwili ukishindwa kuitumia sukari unachoma mafuta, na kinachotokana na huko kuchoma kinatoka na pumzi, watu wengine wanakisikia kama matunda yaliyoiva mno. Aliposema "watu wengine" mimi nilikuwa naangalia sakafu. Shangazi alipona, anachoma insulini hadi leo. Sijamwambia. Kama unasoma hapa: shikamoo shangazi, tutaongea.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta habari za watu wenye pua. Kuna mama wa Scotland, Joy Milne, muuguzi mstaafu. Mume wake alianza kutoa harufu nzito kama ya miski, mama wa watu akawa anamsumbua aoge vizuri, na ikapita zaidi ya miaka kumi ndipo mume akaambiwa ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Siku mama alipoingia kwenye kikao cha wagonjwa wenzake akaikuta harufu ileile imejaa chumba. Watafiti wa Edinburgh wakampa fulana 12 anuse, sita za wagonjwa, sita za wazima. Akawataja wagonjwa wote sita, akaongeza na mzima mmoja, wakaandika amekosea moja. Miezi minane baadaye yule mzima akarudi kusema naye amegundulika. Mwaka 2019 wakachapisha kemikali walizozikuta kwenye mafuta ya ngozi ya wagonjwa, ndizo alizokuwa akizisikia. Dunia ilimpigia makofi. Mimi nilibaki kwenye ile miaka ya "nenda kaoge".

Na kwetu kuna panya buku wa Morogoro, pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja aliyezaliwa hapahapa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia. 2020 shirika moja la Uingereza likampa medali ya dhahabu, na alipostaafu mwaka uliofuata alikuwa ameshanusa mabomu ya ardhini 71. Panya akipatia anapewa ndizi. Muda wake ukiisha anarudishwa kwenye kizimba chake analala. Mimi nikipatia naitwa ofisini.

Nilimsimulia mzee habari za panya, akacheka mpaka akakohoa. Naye ana yake. Zamani alikuwa mpokeaji wa asali kwa mnunuzi mmoja: ndoo inashushwa juu ya basi, yeye anaonja, anasema ipite au irudi. Mtu aliyekaa porini wiki mbili, akaumwa na nyuki usiku, hapendi kuambiwa irudi. Asubuhi moja aliikuta baiskeli yake imekatwa tairi zote mbili. Nyumbani nako, mke wake, marehemu sasa, alimpiga marufuku kusema lolote juu ya mboga, na ndoa ilikuwa na miezi miwili.

"Miaka 31 nilikula nikasema tamu," akaniambia. "Chumvi imezidi, tamu. Mlenda umeungua, tamu. Ulimi nilikuwa nauvulia hapa mlangoni kama viatu."

Nikamuuliza kama haikumuumiza. Akasema ilimpumzisha.

Hilo la kuvua mlangoni nimeondoka nalo, na ni kubwa kuliko chupa niliyonunua. Miaka yote nimetembea na pua iliyo wazi, kwenye basi, kanisani, kitandani, nikigawa majibu kwa watu ambao hawajauliza, kisha nanuna wasiponishukuru. Pale dukani hakuna anayeonjewa bila kuomba. Umekuja kwa miguu yako, umetoa elfu moja, umekaa kwenye benchi.

Japo hata hivyo moto unawaka. Nikiwa nimekaa aliingia bwana mmoja na kidumu cha lita tano, zawadi kutoka kwa mwenzake wa biashara. Mzee akafanya mambo yake ya ugali na kijiti, akasema, "Robo yake ni asali." Yule bwana hakujibu. Akafunga kidumu, akaweka elfu mbili mezani, hakungoja chenji.

"Babu," mjukuu akasema, "yule na mwenzake wanauza mbao pamoja. Umeshawagombanisha."

"Aliniuliza."

"Si ungesema nzuri kiasi?"

"Kiasi ndiyo robo."

Kijana akarudi kwenye simu yake. Kwa hiyo msomaji, tahadhari: asali uliyopewa na mama mkwe usiipeleke.

Sasa nyota niliyokata. Kwanza msimu. Asali nyingi huku inarinwa kuanzia Mei hadi Julai hivi, na nyingine kidogo mwisho wa mwaka. Nilirudi mwezi wa tatu nikakuta ndoo moja, nusu, na mzee kakaa chini ya mwembe. Wafanyabiashara wengine wangetafuta cha kujazia. Yeye anayeletewa anaonja, anarudisha, mwisho hana cha kuuza. Mjukuu anauita huo ulimi nuksi, na ukiangalia daftari la mauzo la mwezi wa tatu huna la kumjibu. Mimi mteja nilipoteza nauli. Wangeweka namba ya simu ya kuuliza kabla mtu hajatoka kwake.

Pili, chupa. Ni za maji zilizooshwa, na yangu moja ilikuwa na juisi ya zabibu ndani yake miaka hiyo. Wewe hutaisikia, mimi niliisikia, na nimeambiwa ni kwangu tu. Basi iwe kwangu tu, ila nendeni na chupa zenu. Tatu, hawana lipa namba na chenji ni ya kuazima dukani jirani.

Nikiri na hili, maana ningelificha ningekuwa nimewauzia shira. Mzee ameniomba kazi. Yaani ameniomba nifanye kazi kwake. Ana miaka 74. Anasema siku ile ya gunia ilimwonyesha kitu: ladha nzito bado anazishika, nyepesi zinamponyoka. "Uzee unaanzia kwenye chumvi," alisema, "unaongeza na hujijui." Anataka niende Jumamosi asubuhi ndoo zinaposhuka, ninuse kwanza, yeye aonje baadaye, elfu kumi na chupa moja. Nyota nne nilikuwa nimeshaziamua kabla hajaniambia, lakini nitakuthibitishiaje? Ni kama lile gunia la mahindi, unainama na kunusa mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza nimeshakwenda. Mume wangu alidhani naenda kununua. Ziliposhuka ndoo za basi la Sikonge zilikuwa saba, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kifuniko. Mbili za kwanza zilipita bila maneno, moja yao ilinukia mtundu mpaka nikatabasamu peke yangu. Ya tatu ilikuwa na jina la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kila Krismasi anatuletea chupa ya asali, na kila Krismasi nasema nzuri, kwa sababu na mimi nimeolewa.

Mjukuu akafungua kifuniko. Sikuhitaji kuinama. Mzee akamega ugali wake, akatafuna, akameza, akaninyooshea kijiti, akangoja.